Asiyeitika Hodi Si Maiti

Mfyuuu! Laki nane na nusu, jamani. Mwalimu wetu mstaafu, mtu aliyefundisha hesabu mpaka wanafunzi wake wakapata wajukuu, alikuwa keshazitoa zote kwa wakala, kazitia kwenye bahasha ya kaki, anaaga kijiwe. Safari ya Ilala, Shaurimoyo, kununua kontroboksi ya mtumba.

"Iliyopo imefanya nini, mwalimu?"

"Imekufa."

"Nani kasema?"

"Mashine."

Kahawa ikanipalia.

Maana siku hizi "mashine imesema" imekuwa kama zamani "mganga kasema". Ukishaambiwa hivyo, unatafuta kuku mweusi, huulizi kwa nini asiwe mwekundu. Gari la mwalimu, la viti saba, lililala zima Jumamosi, Jumapili asubuhi linapigwa sterta linazunguka weee halishiki. Akaitwa kijana wa gereji ya pili kutoka hapa mwarobaini wetu ulipo, akaja na kishikwambi chake chenye ganda la mpira, akachomeka waya chini ya usukani, akasubiri. Mashine ikaandika kwamba imeshindwa kuwasiliana na injini. Kijana akachomoa, akakunja waya, akasema, "Mzee wangu, kontroboksi imekufa. Pole."

Pole! Boneti hakufungua. Simsingizii, nilikuwepo, nimeshika kikombe mkononi: boneti hakufungua.

Sasa niulize kitu ambacho hakihitaji cheti. Ukimpigia mtu simu, ukajibiwa na yule dada kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa, unafanya nini? Unakwenda kununua sanda? Unasema chaji imemwishia, au yuko bondeni hakuna mtandao, au kazima kwa makusudi kwa kuwa anajua unadai. Zipo sababu kumi kabla ya kufika kaburini. Lakini kontroboksi ya gari ikikosa kuitika mara moja tu, matanga yanaanza, na rambirambi ni laki nane na nusu.

Bodaboda mmoja hapa, kijana msikivu, akauliza kontroboksi yenyewe ni kitu gani hasa, maana pikipiki yake ya kabureta haina. Nikamwambia ni kompyuta ya injini, kiboksi cha kama daftari hivi, kimejaa pini. Sensa za injini zinaipelekea habari: hewa imeingia kiasi gani, maji yamepata moto kiasi gani, kranki imefika wapi kwenye mzunguko wake. Yenyewe ndiyo inaamua petroli inyunyizwe lini na plagi ipige cheche lini. Na haiko peke yake. Breki za ABS zina kompyuta yake, mifuko ya hewa ina yake, dashibodi ina yake, usukani wa umeme una yake. Zote hizo zinapiga soga kutwa nzima kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama msuko wa twende kilioni. Wajerumani wa Bosch ndio walioleta mpango huo, wakautangaza mwaka 1986 kwenye mkutano wa wahandisi wa magari kule Detroit, wakauita CAN. Kabla ya hapo kila taarifa ilitaka waya wake, na waya ni shaba, na shaba ni pesa na uzito.

Waya mmoja unaitwa wa juu, mwingine wa chini. Zikiwa zimetulia, zote ziko kwenye volti 2.5 hivi. Kompyuta ikitaka kusema, wa juu unapanda karibu na 3.5 na wa chini unashuka karibu na 1.5, kwa kasi ambayo jicho la mita ya kawaida halifuati. Ndivyo zinavyosengenyana.

Na hapa ndipo penye kituko ambacho kijana wa kishikwambi hakumwambia mwalimu, labda kwa kuwa naye hakijui. Hitilafu iliyosomeka ni U0100. Herufi P ni mambo ya injini na gia, B ni bodi, C ni chesisi, na U ni mtandao, yaani mazungumzo yenyewe. U0100 maana yake mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea. Haya, nani aliyeandika hiyo hitilafu? Si kontroboksi. Itajiandikiaje kwamba yenyewe haipatikani? Walioiandika ni majirani: ABS na dashibodi. Wamegonga hodi, hodi, hodi, hawakuitikiwa, wakaenda kuandika kwa mjumbe kwamba jirani haonekani. Huo ni ushahidi wa jirani. Cheti cha kifo hicho kimetoka wapi?

Nikamwambia mwalimu, rudisha bahasha mfukoni, tumwite mzee wa globu.

Mzee wa globu ni fundi umeme wa siku nyingi, anatembea na mkoba wa ngozi uliokwisha, na ndani yake kuna mita moja ya njano, msasa, koleo, na globu ya taa ya breki iliyounganishwa nyaya mbili ndefu. Basi. Alipofika akaamkiwa, akaketi, akaagiza kahawa na kashata, na kijana wa kishikwambi akaitwa naye asikie, maana mzee hapendi kumsema mtu akiwa hayupo. Nampenda kwa hilo. Mimi siliwezi.

Swali la kwanza halikuhusu gari. "Mashine yako ni nzima?"

Kijana akaona katukanwa. Mzee akamwelekeza kwenye teksi iliyoegeshwa kivulini, kaichomeke pale. Ikasoma vizuri. Wengi wetu tuliona ni utani, kumbe sivyo. Soketi ile chini ya usukani ina matundu 16. Tundu la 16 linaleta umeme wa betri moja kwa moja, la 4 na la 5 ni athi, yaani njia ya umeme kurudi. Kwenye baadhi ya magari fyuzi inayolisha soketi ile ndiyo hiyo hiyo ya kiwashio cha sigara. Mtu kachomeka chaja ya simu ya bei chee, ikapiga shoti, fyuzi ikakatika, mashine haiwaki, fundi anatangaza msiba. Halafu kuna suala la lahaja. Marekani ililazimisha soketi hiyo kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na kuanzia magari ya 2008 ikalazimisha lugha ya CAN pia. Lakini magari yetu mengi yametoka minadani Japani, yalitengenezwa kwa Wajapani wenyewe, na ya zamani kidogo yanazungumza kwa waya mwingine kabisa, kwenye tundu la 7. Sasa kile kidude cha kuchomeka, cha kuunganisha na simu, cha elfu ishirini, kimefundishwa lafudhi moja tu. Kinasalimia kwa Kimarekani, gari linatazama tu. Kosa la nani?

Mashine ni nzima, basi. Swali la pili: "Nani mwingine anaitika?"

Kijana akachomeka tena kwenye gari la mwalimu. ABS ikaitika. Mifuko ya hewa ikaitika. Dashibodi ikaitika. Injini, kimya.

"Mtaa mzima unawaka, nyumba moja giza," mzee akasema. "Unaangalia nini kwanza?"

"LUKU," akajibu muuza kahawa, na huyo hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Ndiyo hiyo. Kama wote wangekuwa kimya, ungeshuku mtandao mzima: nyaya zimegusana, au zimekatika karibu na soketi, au kuna kompyuta moja imeharibika inapiga kelele mpaka wengine hawasikiani, na hapo dawa ni kuchomoa moja moja mpaka kelele iishe. Mara nyingi mlevi kwenye ngoma hiyo ni kifaa cha kubandika: redio ya kichina, alamu, kifuatiliaji alichofunga mkopeshaji, kimeungwa kwa meno na selotepu kwenye nyaya ambazo hazikutakiwa kuguswa. Lakini akiwa kimya mmoja, unamwendea huyo huyo. Amepata umeme? Ana athi? Waya wake wa mazungumzo umemfikia? Maswali yakiisha yote, ndipo unaruhusiwa kunong'ona neno kifo.

Ikaja zamu ya mwalimu kustarehe. Mzee akachomoa kichwa cha betri, akasubiri dakika chache kompyuta zilale, akaweka mita kwenye ukinzani, ncha moja tundu la 6, nyingine tundu la 14, ambayo ndiyo matundu ya CAN. Mita ikasoma 60.

"Mwalimu," mzee akasema, "kila mwisho wa mtandao huu kuna rezista ya omu 120. Ziko mbili."

Mwalimu akafumba macho nusu sekunde. "Sambamba? Basi 60. Ni sahihi." Akatutazama kama tuko darasa la tano B.

"Na ikisoma 120?"

"Mwisho mmoja haupo."

"Ikisoma karibu na sifuri?"

"Nyaya zimegusana."

Mzee akatabasamu, akaenda kuchomoa plagi ya kontroboksi, akarudi kupima. Safari hii mita ikasoma 120. Tukaguna wote tukidhani mambo yameharibika, lakini mwalimu alisimama. Kweli, alisimama! Akasema, "Ngoja. Kama kuitoa kumetupunguzia rezista moja, basi rezista hiyo imo ndani ya kontroboksi. Na kama tulikuwa tunaiona kutokea huku kwenye soketi, basi nyaya za mazungumzo zinafika mpaka kwake, nzima." Ndivyo ilivyo kwenye magari mengi, rezista moja inakaa ndani ya kompyuta ya injini. Mwalimu kaipata kwa kugawanya kwa mbili, na kijana wa kishikwambi alikuwa akimsikiliza mdomo wazi.

Kwa hiyo mlango upo, njia ipo, hodi inafika. Mwenye nyumba haitiki. Ama kalala, ama hana taa.

Mzee alipokuwa akirudisha plagi na betri na kulala chali chini ya dashibodi, kijiwe kilifanya kazi yake ya kawaida, yaani kila mtu na ugonjwa wake. Bodaboda akasema panya. Anamjua mtu ambaye panya walikula waya mpaka gari likawa linapiga honi lenyewe usiku. Muuza kahawa akasema ni kuosha injini kwa pampu ya presha, maji yanajipenyeza kwenye plagi, baada ya wiki pini zinaota kutu ya kijani. Dereva wa teksi akasema ni kuchomelea: mtu anachomelea bampa betri ikiwa imefungwa, au anabusti kwa kugeuza chanya na hasi, halafu anajifanya hajui. Wote wako sahihi, ndio uzuri na ubaya wa kijiwe. Mzee kutoka chini akaongeza la kwake: kuna sensa zinazolishwa volti 5 na kontroboksi, na sensa moja ikipiga shoti, hata ile ndogo ya presha ya gesi ya kiyoyozi, inazivuta volti hizo chini na kontroboksi nzima inaweza kunyamaza. Unachomoa sensa moja moja huku umepima. Ukiona 5 imerudi, umemkamata. Sensa hiyo bei yake hainunui hata kona ya kontroboksi.

Halafu akauliza jambo ambalo lilitakiwa kuulizwa Jumapili. "Ukifungua swichi bila kupiga sterta, ile taa ya injini ya rangi ya machungwa inawaka?"

Mwalimu hakumbuki. Tukajaribu. Taa nyingine zote zikawaka, hiyo hapana. Kwenye magari mengi taa hiyo ikikataa kuwaka swichi ikiwa wazi, anza na umeme wa kontroboksi. Ila mzee hakutaka tuapie: magari mapya zaidi, dashibodi ikiona jirani kanyamaza inaiwasha yenyewe.

Fyuzi zikakaguliwa, ile iliyoandikwa EFI na wenzake. Nzima. Rilei ikabadilishwa na ya jirani yake inayofanana, kimya vile vile. Umeme wa chanya unafika kwenye plagi, volti 12 na ushee. Ikabaki athi. Kijana, kwa kutaka kujitetea, akachukua mita, akapima kutoka pini ya athi mpaka bodi ya gari. "Karibu sifuri! Athi ipo, mzee wangu."

"Iko?"

"Iko. Mita inaonyesha."

Mzee akachukua globu yake. Waya mmoja akaushika kwenye chanya ya betri, mwingine akaugusisha kwa pini nyembamba kwenye tundu la athi la plagi ile ile. Globu ikawaka kama kibatari kinachokwisha mafuta. Wekundu tu, uzi unaonekana. Akautoa pale, akaugusa kwenye hasi ya betri: globu ikatupofua.

Hapa naomba muda kidogo, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu, na mimi ni mgumu kujifunza. Mita ikipima ukinzani inapitisha umeme kiduchu, usioweza kumtekenya mende. Waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja, mita itasema njia ipo, na haisemi uongo. Njia ipo, ya sisimizi. Globu ya breki ya wati 21 inataka karibu ampea 2 zipite. Ukipitisha lori kwenye njia ya sisimizi, ndipo unapojua. Kontroboksi nayo, ikitaka kuamka na kusukuma vinyunyizio na koili, inataka njia ya lori. Kwa hiyo vifaa viwili vilipima kitu kimoja vikatoa majibu mawili, na kilichokuwa sahihi ni cha bei ya pipi. Mashine ya laki kadhaa haikuwa na nafasi hata ya kuuliza swali hilo, kwa kuwa ili imuulize mtu lazima kwanza aamke.

Mfyuu.

Wakaufuata waya wa athi. Ukatupeleka nyuma ya injini, mahali pa kuumiza vidole, kwenye bolti iliyofungwa kwenye chuma cha injini chenyewe. Mwezi uliopita gari lilishushwa gia boksi. Aliyelirudisha, kwa upendo kabisa, alipuliza rangi ya fedha kuifanya injini ing'ae, akakaza waya juu ya rangi, na hakukaza sana. Rangi haipitishi umeme. Siku za kwanza meno ya washa yaliuma kidogo chumani, mambo yakaenda. Mvua ikanyesha, ukaja unyevu, ikaja kutu, ikaja Jumapili.

Msasa, nusu dakika. Bolti, robo tatu ya mzunguko, ikalia kweche. Mzee akasema, "Fungua swichi." Taa ya machungwa ikawaka, na sisi watu wazima tukashangilia taa ya hitilafu kama goli la dakika ya tisini. Sterta ikagusa, injini ikashika. Kijana akachomeka kishikwambi bila kuambiwa, injini ikaitika na kutaja mpaka joto la maji. Zile U0100 zilizoandikwa na majirani akazisoma moja moja, akazifuta, akasubiri. Hazikurudi.

Kontroboksi hufa, nisije nikanukuliwa vibaya. Nimeiona iliyozama maji ya mafuriko, ndani imeota ukungu wa kijani kama mkate, na hiyo hata globu haiiokoi. Nawazia tu mwalimu angefika Shaurimoyo. Angenunua ya mtumba, angefungiwa kwenye athi ile ile ya sisimizi, gari lisingewaka, naye angeambiwa ya mtumba nayo mbovu, rudi kanunue nyingine. Na hata kama athi ingekuwa nzima, gari lenye kinga ya wizi lina ufunguo wenye chipu, na kontroboksi ya kigeni haiujui ufunguo huo. Ingebidi atafutwe mtu wa kuwatambulisha, kwa bei yake. Ya zamani, nzima, ingeachwa gereji. Kesho yake ingekuwa mezani inauzwa.

Nikamtazama kijana. Alikuwa ameichukua globu ya mzee, anaigeuzageuza, anahesabu nyaya: mbili.

Tukafika kwenye malipo. Mzee akafuta mikono, akamalizia kahawa yake iliyopoa, akasema, "Mwalimu, nipe elfu arobaini."

Mwalimu akashtuka. Yule yule aliyekuwa na laki nane na nusu kwenye bahasha, aliyekuwa anakwenda kuzitoa bila kuuliza hata kontroboksi inakaa upande gani wa gari, akavua miwani. "Elfu arobaini? Mzee mwenzangu, umekaza bolti moja!"

Na kijiwe chote, wallahi, kikaunga mkono. "Kweli, mzee, ni bolti tu hiyo." "Hata msasa hukuumaliza." Bodaboda akapendekeza elfu kumi na tano. Muuza kahawa akasema kumi, na kahawa juu yake.

Wakakubaliana ishirini. Mwalimu akaitoa kwenye bahasha, noti mbili za elfu kumi kumi, akazipima kidoleni zisije zikashikana tatu.